Juu ya Kuujua Mwisho wa Hadithi Kabla ya Kuianza

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ngumu ya mtunzi wa hadithi ni kupata maneno. Sivyo. Maneno yapo tele. Ukisimama sokoni Muleba kwa saa moja utayasikia zaidi ya uwezavyo kuyaandika kwa mwaka mzima, tena bila malipo. Kazi ngumu ni kukaa mbele ya karatasi nyeupe, kalamu mkononi, watu wa nyumbani wamekwisha lala, wala lisitoke neno. Mtu huandika sentensi moja, akaifuta. Huandika ya pili, nayo akaifuta. Mwisho huondoka akisema, "Leo sina fikira," na kesho yake mambo ni yale yale. Nimeyaona haya kwa wanafunzi wangu, nimeyaona kwa walimu wenzangu, na zaidi ya yote nimeyaona kwangu mwenyewe.

Ipo dawa moja ambayo watunzi wamepeana tangu zamani. Husema hivi: aliyekwama mwanzoni na auache mwanzo. Kwanza aamue hadithi yake itaishia wapi. Akiisha kuujua mwisho, arudi nyuma atafute njia ya kuufikia. Mimi nalipewa dawa hii na mwalimu mmoja mzee, nami nimewapa watoto darasani. Katika kuitumia nimepata maswali mawili ambayo nataka tuyafikiri pamoja. La kwanza: je, dawa hii yafaa kweli, au huponya kidonda kimoja ikaleta kingine? La pili ni zito zaidi: je, ni haki kumwamulia mtu mwisho wake kabla hatujamjua, hata kama mtu huyo ni wa hadithini tu?

Natuanze na la kwanza. Aliyekwama hukwama kwa nini? Wengi watasema, kwa kuwa hajui neno la kwanza. Mimi naona kwamba neno la kwanza analo, ila hajui kazi yake. Akianza na mvua, ni mvua ya nini? Akianza na mzee aliyeketi barazani, mzee huyo anamngoja nani? Milango yote i wazi mbele yake, na kwa sababu yote i wazi, hakuna mmoja unaomwita. Lakini akisema moyoni, "Hadithi hii itakwisha mama akimfungulia mlango mwana aliyemfukuza," papo hapo mambo yajipanga. Hapana budi awepo mama, awepo mwana, iwepo sababu ya kufukuzana, iwepo miaka ya kutosemezana, iwepo safari ya kurudi, na liwepo jambo lililomlainisha mama. Maswali yamekuja yenyewe, na kila swali ni ukurasa. Mtu aliyekosa la kuandika sasa analo zaidi ya usiku mmoja.

Sisi tukaao karibu na ziwa twaweza kulielewa jambo hili upesi. Mvuvi aondokaye mwaloni alfajiri kwenda kisiwa cha Bumbire hatazami maji yaliyo mbele ya mtumbwi wake, maana maji yote yafanana. Hutazama kilima cha kisiwa. Upepo ukimsukuma, atajua kwamba amesukumwa, kwa kuwa kilima kimehamia upande wa bega lake. Huenda akafika kwa njia asiyoipanga, walakini atafika. Asiye na kilima cha kutazama hawezi hata kujua kwamba amepotea.

Wala si watu wa huku tu waliofikiri hivyo. Mwaka 1846 mtunzi wa Marekani, Edgar Allan Poe, aliandika insha ya kueleza jinsi atungavyo. Alishauri kwamba mtu asishike kalamu kabla hajaufikiria mwisho, akadai kwamba hata shairi lake mashuhuri juu ya kunguru alilianza kutoka upande wa mwisho. Wako waliosema kwamba Poe alitia chumvi katika maelezo yale, akalipamba jambo baada ya kulimaliza. Na iwe hivyo. Shauri lenyewe halikufa. Katika siku zetu mwandishi mwingine wa Marekani, John Irving, amesema mara nyingi kwamba huiandika sentensi ya mwisho ya riwaya kabla ya ile ya kwanza.

Mtu atasema, "Vema, lakini atakayeujua mwisho atachoka. Utamu wa hadithi ni kutojua kitakachotokea." Neno hili lina sura ya kweli, lakini hebu tulipime kwa mambo ya hapa kwetu.

Wahaya, wanapoambiana ngano za jioni, wana desturi ya kufungua kwa maneno ya kuitikiana. Msimuliaji hujitangaza kuwa mtu aliyekwenda mahali akaona mambo, nao wasikilizaji humjibu wakimwomba aone, ili nao wapate kuona. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Peter Seitel, aliyezikusanya ngano hizi, alitoa kitabu mwaka 1980, na jina la kitabu alilichukua katika jibu hilo la wasikilizaji: Ona, ili nasi tuone. Zingatieni maana yake. Msimuliaji amekwisha kwenda na kurudi. Mwisho anao, kama msafiri anavyoijua nyumba aliyotoka. Hata watoto walioketi mbele yake wengi wao wameisikia ngano ile mara nyingi, nao waujua mwisho kama yeye. Lakini hakuna amwambiaye, "Tueleze mwisho twende tukalale." Humwambia, "Ona." Maana yake, uitazame tena njia hatua kwa hatua, usituruke, ili macho yako yawe macho yetu. Basi kujua ni jambo moja, na kuona ni jambo jingine.

Mfano wa pili hauko mbali na hapa. Katika Ihangiro, ambayo leo imo katika wilaya ya Muleba, iko seminari ya Rubya. Hapo ndipo aliposoma kijana wa Ukerewe aliyezaliwa mwaka 1896, jina lake Aniceti Kitereza. Kijana huyo hakuwa padre; alirudi kwao, na mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu kabisa, juu ya mtu na mkewe waliokaa katika ndoa bila mtoto. Ndugu wa mke wamchukua binti yao. Mume amfuata, alipa fidia ya pombe, ampata tena. Waenda kwa mganga. Wavumilia masengenyo ya majirani. Msomaji aingiapo katika habari hii huumia pamoja nao akijiuliza kama watapata mtoto. Walakini ajabu ni hii: jibu limeandikwa juu ya jalada. Kitabu chaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, na hao wawili wa mwisho ndio watoto wao, mwana na binti! Mwandishi ametupa mwisho wa mashaka yale kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza, nasi bado twasoma mamia ya kurasa kwa hamu, kwa sababu tunachotaka kujua si kama watazaliwa, bali watu hawa wawili walivyongojea.

Na kungojea kwa Kitereza mwenyewe kulikuwa kurefu. Alipokosa mchapaji wa Kikerewe, aliitafsiri kazi yake yote kwa Kiswahili kwa mkono wake. Ilichapishwa na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam miaka thelathini na mitano hivi baada ya kumalizika, naye akafariki mwaka 1981, kabla nakala za kitabu hazijamfikia. Kitabu alikijua mwisho wake tangu 1945. Mwisho wa safari ya kitabu hakuuona.

Naweza kuongeza mfano wa Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, twamkuta Adili akiwapiga manyani wawili usiku kwa usiku kabla hatujaambiwa manyani hao ni nani na wamekosa nini. Adhabu yatangulia, kosa lafuata. Hakuna msomaji aliyekifunga kitabu kwa sababu hiyo. Kinyume chake, ndiyo sababu ya kuendelea.

Basi swali la kwanza limejibiwa. Mwisho ujulikanao hauiui hadithi, na kwa mwandishi aliyekwama ni msaada wa kweli. Lakini swali la pili bado latusubiri, nami nitaeleza jinsi lilivyonijia, mara ya kwanza darasani na mara ya pili nyumbani.

Darasani ilikuwa hivi. Naliwapa wanafunzi kazi ya kutunga hadithi itakayokwisha kwa methali, "Mwisho wa ubaya ni aibu." Nikawaambia, "Msihangaike na mwanzo. Mwisho mnao, utafuteni mwanzo." Kalamu zikaenda mbio, nami nikafurahi. Jioni nalisahihisha madaftari arobaini. Karibu yote yalikuwa na mwizi, na karibu kila mwizi alikamatwa. Lakini nilipofika daftari la kumi na tano nalianza kuona uchovu. Wezi wale hawakuwa na njaa, hawakuwa na mama, hawakuwa na jina. Waliiba kwa sababu mwalimu alitaka waaibike mwishoni. Walikuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba asubuhi kwa ajili ya karamu ya jioni.

Daftari moja tu lilikuwa tofauti. Msichana mmoja alikuwa ameandika kurasa nne juu ya kijana aliyeiba kahawa ya jirani iliyoanikwa uani. Alimpa jina. Alimpa mdogo wake aliyerudishwa kutoka shule kwa kukosa sare. Kisha, mahali ambapo kijana alipaswa kukamatwa, maneno yalikatika. Hakumaliza. Mimi nikampa alama ndogo, nikaandika kwa wino mwekundu, "Hukufuata agizo." Kesho yake alinijia, akasimama kwa adabu, akasema, "Mwalimu, nilipompa jina sikuweza tena kumpeleka kule ulikotaka."

Nalimjibu jambo la kimwalimu ambalo silikumbuki, na afadhali nisilikumbuke. Lakini maneno yake yalibaki nami. Mtoto alikuwa ameona jambo ambalo mimi sikuliona: kwamba mwisho uliotangulia waweza kuwa kilima cha kumwongoza mvuvi, na waweza pia kuwa hukumu iliyoandikwa kabla shahidi hajasema. Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani, aliligusa neno hili katika kitabu chake juu ya ushairi. Aliwalaumu watunzi wanaofungua fundo la hadithi kwa kitu kilichotoka nje, akataja mchezo wa Medea kuwa mfano. Alitaka mwisho utokane na mambo yenyewe ya hadithi. Wezi wa madaftari yale walikuwa wamekamatwa kutoka nje. Aliyewakamata ni mimi.

Sasa nieleze la nyumbani. Wasomaji wa Bukoba na Muleba hawana haja ya kuelezwa juu ya meli ya MV Bukoba. Lakini kwa ajili ya vijana na wa mbali nitasema kwa ufupi. Jioni ya tarehe 20 Mei 1996 meli ile iliondoka Bukoba kwenda Mwanza, ikapitia Kemondo kuchukua watu na mizigo, na asubuhi ya Jumanne tarehe 21 ikapinduka ikiwa imekaribia kabisa bandari ya Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800. Nchi nzima ilitangaziwa siku tatu za maombolezo, na baadhi ya marehemu wamelala katika makaburi ya Igoma. Katika mkoa wetu ni vigumu kumkuta mtu mzima asiye na jina la kukutajia.

Mimi jina langu ni la mjomba wangu. Nalikuwa mtoto wa miaka sita. Yeye alikuwa fundi baiskeli, na siku ile alipanda meli Kemondo kwenda Mwanza kununua vipuri. Mwili wake haukuonekana.

Tangu nilipojua kuandika nimetaka kuandika habari zake, nami sikuweza. Kila nilipoanza nalikwama katika sentensi ya kwanza. Ndipo yule mwalimu mzee aliponipa dawa yake: "Anza na mwisho." Nami nikacheka kwa uchungu, nikamwambia, "Mwalimu, mwisho wa hadithi hii kila mtu wa Kagera anaujua." Akasema, "Kama ni hivyo, u tajiri. Uandike, kisha urudi nyuma."

Nikauandika ule mwisho wa majini. Na kweli, siku zilizofuata kalamu ilitembea kama haijawahi kutembea. Katika muda wa mwezi mmoja nalipata kurasa thelathini. Nalimwandika mjomba akiamka na ndoto mbaya siku ya safari. Nalimwandika bundi aliyelia juu ya mti wa nyuma ya nyumba. Nalimwandika mjomba akiutazama mgomba wake kwa muda mrefu, akinishika kichwa, akimtazama dada yake, yaani mama yangu, kwa macho ya mtu asiyerudi. Niliona nimeandika vizuri. Nikaenda kwa mama siku ya likizo, nikamsomea.

Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Mwanangu, maneno yako ni mazuri. Lakini huyu si kaka yangu."

Nikamwuliza, "Kwa nini, Mama?"

Akasema, "Huyu wako anajua kwamba atakufa. Tangu ukurasa wa kwanza anatuaga. Kaka yangu hakuaga mtu. Siku ile tulibishana juu ya sukari. Alisema nimetia kidogo katika chai yake, nami nikamwambia, ukiitaka nyingi kanunue yako huko Mwanza. Akacheka akaondoka. Hilo ndilo neno letu la mwisho, nawe umeliondoa."

Nalimwambia kwamba nalikuwa silijui neno hilo, kisha nikasema, kwa ujinga wa mtu aliyesoma, kwamba pengine halifai sana kuandikwa, kwa kuwa ni jambo dogo na marehemu apaswa heshima. Mama akanitazama. Akasema, "Ndilo nililo nalo."

Wasomaji, nalirudi Muleba na zile kurasa thelathini kama mtu aliyebeba kitu cha wizi. Sasa nalielewa yule msichana alichoniambia. Nalikuwa nimemfanyia mjomba wangu vile walivyofanyiwa wezi wa madaftarini. Kwa kuwa mimi naujua mwisho, nalimlazimisha naye aujue. Nalimnyang'anya Jumatatu yake, siku ambayo ilikuwa mali yake, yenye chai na mabishano na kicheko, nikaigeuza kuwa ngazi ya kuishukia Jumanne. Mtu aliyeishi miaka thelathini na kitu, mimi nikamfanya amekufa tangu mstari wa kwanza. Na kwa nini? Kwa sababu kalamu yangu ilikuwa ikienda mbio, nami sikutaka isimame.

Søren Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark, aliweka katika daftari zake mwaka 1843 wazo ambalo lahusu kabisa shauri hili: kwamba maisha twayafahamu kwa kutazama nyuma, lakini twalazimika kuyaishi kwa kwenda mbele. Mwandishi anayeanza na mwisho hutazama nyuma. Hiyo ndiyo nguvu yake. Lakini watu anaowaandika waenda mbele, hawajui, nao wana haki ya kutojua. Kosa langu halikuwa kuuweka mwisho kwanza. Kosa langu lilikuwa kuwagawia watu wangu ujuzi ambao hawakuwa nao. Bundi hakulia. Ndoto haikuwapo. Tupendapo kusema baada ya msiba kwamba dalili zilikuwapo, mara nyingi twajitafutia faraja, kwa maana yaliyoandikwa tangu zamani hayaumi kama yaliyotokea tu. Faraja hiyo siilaumu kwa mwenye kufiwa. Lakini mwandishi akiitia katika kitabu amesema uongo juu ya mtu asiyeweza kumjibu.

Basi, niliutupa ule mwisho? La. Hapa ndipo nataka tufikiri kwa uangalifu, maana wengine wakisikia habari hii husema, "Kumbe afadhali kuandika bila kujua uendako." Nalijaribu hivyo pia, nikakwama upya mwanzoni pale pale. Nilichofanya ni kubakiza kilima na kuacha kuwakokota watu. Naliondoa bundi, naliondoa ndoto, naliondoa macho ya kuaga. Nikairudisha sukari. Kisha nikaenda kumwuliza mama mambo mengine ya wiki ile, makubwa kwa madogo, bila kujali kama yaelekea ziwani au hayaelekei.

Ndipo likatoka jambo ambalo sikulitazamia. Mama aliniambia kwamba mjomba alipoondoka aliacha uani baiskeli ya mchuuzi mmoja wa ndizi, ameifungua gurudumu la nyuma, gololi zake zimo katika kopo, kwa maana vipuri vyake ndivyo alivyovifuata Mwanza. Alikuwa amemwahidi mwenyewe, "Nitarudi Ijumaa, Jumamosi utapanda." Baiskeli ile ilikaa uani matanga yote, na baada ya matanga, hakuna aliyeithubutu kuigusa. Siku moja mchuuzi alikuja. Mama alitaka kumrudishia fedha alizokwisha kuzitoa. Yule mtu akazikataa, akasema, "Mwachieni fundi ujira wake." Akatia gololi mfukoni, akaweka gurudumu begani, akaikokota baiskeli iliyobaki kwa mkono mmoja mpaka ilipotokomea njiani.

Niliposikia hayo nalijua kwamba mwisho wangu ulikuwa umehama. Sikuandika tena habari ya maji. Kila msomaji wa huku anayajua maji yale, wala hanihitaji mimi kumwonyesha. Hadithi yangu yaishia uani, kwa mtu aliyebeba gurudumu. Meli imo ndani yake, ila haionekani, kama vile usiku usivyoonekana katika habari ya mtu aliyeamka asubuhi. Na mjomba wangu, mpaka sentensi ya mwisho inayomtaja akiwa hai, anatarajia kurudi Ijumaa.

Kutokana na mambo haya nimejifunza neno moja, nami nalitoa kwenu kwa kuligawa sehemu tatu, kama tulivyozoea walimu.

Kwanza, aliyekwama asione haya kuuchagua mwisho kabla ya mwanzo. Si udanganyifu wala si uvivu. Wasimuliaji wetu wote walikuwa wamekwisha kwenda na kurudi kabla hawajafungua kinywa.

Pili, mwisho huo aujue yeye peke yake. Asiwanong'oneze watu wa hadithi yake. Awaache wabishane juu ya sukari, waahidi mambo ya Jumamosi, wanunue mbegu za msimu ujao. Kila mara aandikapo jambo ajiulize, "Mtu huyu angefanya hivi kama mimi nisingejua yatakayompata?" Kama jibu ni la, alifute.

Tatu, mwisho uliochaguliwa kwanza ni ahadi ya kuanza, si kiapo cha kumaliza. Mvuvi akiona kwamba bandari nzuri i upande wa pili wa kisiwa, hazunguki tena baharini ati kwa sababu alfajiri alisema ataegesha upande huu. Ikiwa watu wa hadithi, kwa matendo yao wenyewe, wamefika mahali pengine palipo pa kweli zaidi, wajibu wa mwandishi ni kuwafuata.

Yamebaki mambo ya yule msichana. Naliliita daftari lake tena, nikafuta kwa mkono wangu yale maneno ya wino mwekundu, nikamwambia, "Methali iache. Mpeleke huyo kijana kule miguu yake inakokwenda." Baada ya siku chache aliniletea mwisho. Kijana wake alikaa na kahawa ile siku mbili chini ya kitanda, akashindwa kulala kwa harufu yake. Usiku wa tatu aliibeba kuirudisha. Alipokuwa akiimwaga tena juu ya mkeka wa jirani, wakamkamata, wakampiga wakidhani anaiba. Asubuhi jirani aliipima kahawa yake akaikuta imetimia, nao waliompiga hawakuweza kutazamana.

Mtoto hakuiandika methali mwishoni. Aliiacha kama nilivyomwambia. Lakini aibu ilikuwamo, tena nyingi, isipokuwa haikumkalia yule niliyemwandalia mimi. Nalimpa alama zote, nikamwomba ruhusa ya kulisoma daftari lake mbele ya darasa.